Kabla ya kununua zulia, inama upime

Mpenzi msomaji, wahenga walisema ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Nilipokuwa shuleni niliitumia methali hiyo katika insha mara nyingi sana, aghalabu kwa kutafuta alama za bure. Maana yake niliipata baadaye, nikiwa mke wa mtu na mama wa watoto wawili, siku niliposimama katikati ya sebule yangu mtaani Umoja, jijini Nairobi, nikilitazama zulia jipya ambalo lilikataa kufika ukutani.

Pengo lilikuwa la futi moja tu. Lakini nyuma ya futi hiyo kulikuwa na pesa ambazo sikuzipigia hesabu, uongo niliomwambia mume wangu, na mtihani ambao ndugu yangu hakuufanya. Ndiyo maana leo nakuomba tuketi pamoja tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda ukaliona dogo: kununua zulia na kulitandika nyumbani wakati mfuko ni mwembamba.

Ilikuwa mwaka wa 2017. Mimi na wanawake wenzangu kumi na mmoja tulikuwa na chama. Kila mwezi kila mmoja wetu alitoa Sh2,500, na aliyefikiwa na zamu aliondoka na Sh30,000. Mwezi uliofuata yeye ndiye aliyewaandalia wenzake chai nyumbani kwake. Utaratibu ulikuwa mzuri, ila ulikuwa na kasoro moja ambayo haikuandikwa popote katika katiba yetu: kila aliyekwenda kwa mwenzake alirudi kwake akiwa na macho mapya.

Mwezi wa Aprili tulikutana kwa mwenzetu mmoja mtaani Buruburu. Tulivua viatu mlangoni, na nyayo zetu zikazama katika zulia la rangi ya maziwa lililojaa kutoka ukuta hadi ukuta. Niliporudi kwangu jioni hiyo niliiona sakafu yangu kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Ilikuwa ya saruji, imepakwa rangi nyekundu na kusuguliwa nta na wapangaji wa miaka na mikaka. Ilikuwa imebanduka mlangoni, na chini ya meza palikuwa na ufa mrefu. Mtoto wangu mdogo alikuwa ameketi juu ya ufa huo akila ugali. Kabla ya siku hiyo sikuwahi kuuonea haya.

Zamu yangu ya kupokea ilikuwa mwezi wa Mei. Baba watoto nami tuliketi tukazigawa zile Sh30,000 hata kabla hazijafika. Sh15,000 zingekuwa za zulia. Sh15,000 zingekuwa za karo ya ndugu yangu, kitinda mimba wa mama, ambaye alikuwa akisomea ufundi wa umeme katika chuo kimoja. Mama alikuwa ameuza ng'ombe kumlipia mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili nilikuwa nimeahidi kuubeba mimi, tena mbele ya wazee.

HATUA NNE KWA NNE

Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza, nawe usifuate nyayo zangu, kwa maana nyayo ndizo zilizonikosesha. Nilipima sebule kwa hatua. Nilitembea kutoka dirishani hadi ukuta wa pili nikahesabu nne. Nikatembea upande ule mwingine nikahesabu nne. Nikajiambia kwamba sebule ni mita nne kwa nne. Sikuinama wala sikusogeza hata kochi moja.

Jumamosi nilishika njia hadi Eastleigh, ambako mazulia husimamishwa madukani kama nguzo. Muuzaji akaniuliza, “Sebule yako ni mita ngapi, mama?”

“Nne kwa nne,” nikamjibu kwa sauti ya mtu anayejua.

Akaniambia kila mita ya mraba ni Sh1,000. Tukavutana hadi Sh900. Mita 16 za mraba kwa Sh900 ni Sh14,400. Moyo ulicheka! Nilikuwa ndani ya bajeti, tena nimebakiwa na Sh600 za soda.

Sasa nisikilize vizuri, msomaji. Zulia la kujaza chumba huuzwa kutoka kwenye jora, na jora lina upana wake. Mengi huwa na upana wa mita 4, ingawa yapo pia ya mita 3 na ya mita 2. Muuzaji anakukatia urefu tu. Upana unaulipia wote hata kama chumba chako ni chembamba. Sebule yangu, ilipopimwa baadaye kwa utepe, ilikuwa na upana wa mita 3.6 na urefu wa mita 4.3. Yaani upande mmoja nilikuwa na sentimita 40 za ziada, na upande wa pili nikapungukiwa na sentimita 30. Kama ningepima, ningemwambia anikatie urefu wa mita 4.5, na ningelipa Sh16,200. Tofauti ni Sh1,800 tu.

Basi pima chumba chako kwa utepe, na usipime mara moja. Nyumba zetu nyingi za kukodisha hazina kona zilizonyooka, kwa hivyo pima karibu na kila ukuta kisha uchukue kipimo kilicho kirefu zaidi. Kumbuka kuingiza ile nafasi ya mlangoni, pale zulia linapopita chini ya mlango. Ongeza sentimita 10 kila upande kwa ajili ya kukata kingo. Chora chumba kwenye karatasi, andika vipimo, na uibebe karatasi hiyo dukani. Usitegemee kichwa. Kichwa husahau upesi kikishaona rangi nzuri.

YALE YASIYOSEMWA DUKANI

Kosa langu la pili lilikuwa kudhani kwamba bei ya zulia ndiyo gharama yote. La hasha! Nilipokuwa nahesabu noti, muuzaji aliniuliza kama nina tabaka la chini, ile sponji nyembamba inayotandikwa kwanza. “Bila hiyo, mama, saruji italila zulia lako,” akasema. Hakuwa akidanganya. Tabaka hilo hupunguza baridi ya sakafu na husaidia zulia lisichakae upesi. Lakini halikuwamo katika hesabu yangu. Nikatoa Sh3,200. Gundi nayo ikawa Sh1,200, na pikapu ya kutuleta Umoja Sh1,000.

Tulipofika nyumbani nikakumbuka kwamba naishi orofa ya nne. Zulia lililoviringishwa lilikuwa na urefu wa mita 4, na ngazi zetu zina kona kali. Vijana walisukuma, wakavuta, wakagonga mlango wa jirani, na mwishowe wakalikunja katikati kama mkate wa chapati. Lilipofika juu lilikuwa na mkunjo uliochukua wiki nyingi kunyooka. Ukiweza, zulia jipya lifungue ulilaze kutwa moja kabla ya kulikata, litulie na kunyooka.

Fundi alikuja Jumapili. Akapaka gundi kandokando ya kuta, juu ya ile nta nyekundu, akabandika pande tatu. Alipofika upande wa nne akanyamaza. Kisha akasema, “Mama, zulia ni fupi.” Nikamwambia haiwezekani, ni nne kwa nne. Akanyoosha utepe wake, akanionyesha, akakunja vifaa vyake. Alichukua Sh2,000 zake akaenda. Alipoondoka nikagundua kuwa mlango haufunguki, kwa sababu zulia na sponji vilikuwa vimeinua sakafu. Seremala wa mtaani akapiga mlango randa kwa Sh300. Bati la kushikilia ukingo mlangoni lilikuwa Sh400.

Jumlisha nami: 14,400, 3,200, 1,200, 1,000, 2,000, 300 na 400. Ni Sh22,500, na bado sebule ina pengo la futi moja.

Baada ya siku nne, kona mbili zilikuwa zimebanduka. Jirani yangu alinielekeza kwa fundi mmoja mzee. Alipiga magoti, akaipitisha kucha yake sakafuni, akatikisa kichwa. “Binti yangu, gundi haishiki nta,” akaniambia. “Ni kama kubandika plasta kwenye mkono uliopakwa mafuta.” Akakwangua nta yote ya pembeni, akasugua kwa msasa, akafuta vumbi, kisha ndipo akapaka gundi upya. Halafu akauliza kile kipande kilichokatwa kando kiko wapi. Nilikuwa nimekiviringisha nyuma ya mlango. Kilikuwa na upana wa sentimita 40 na urefu wa mita 4, nalo pengo lilikuwa sentimita 30 kwa mita 3.6. Kiliingia barabara.

Lakini kilionekana cheusi kuliko zulia lenyewe. Nikashangaa, maana ni jora lile lile. Mzee akanieleza kwamba nyuzi za zulia ni kama manyoya ya paka, zina upande wa kulalia. Ukikigeuza kipande, mwanga unazipiga vingine na rangi inabadilika. Ndiyo maana ukinunua vipande viwili vya kuunganisha ni lazima vielekee upande mmoja.

“Weka kochi juu yake,” akasema akipokea Sh1,500 zake, “wala usimwambie mtu.”

SHEMEJI ANAPIGA SIMU

Jioni hiyo baba watoto aliingia, akavua viatu, akakanyaga zulia kwa miguu yote miwili na kutabasamu kama mtoto. Akaniuliza, “Mama watoto, limegharimu ngapi kwa jumla?”

Hesabu yangu ilikuwa Sh24,000. Kinywa changu kikasema, “Zile zile elfu kumi na tano.”

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Hakuwa mtu wa ukali. Nadhani niliona haya kwamba mimi, niliyesoma, niliyekuwa nikijigamba kwa bajeti, nilishindwa kupima chumba kimoja. Kati ya zile Sh30,000 nilikuwa nimebaki na Sh6,000. Nilizituma kwa ndugu yangu kwa M-Pesa, nikamwambia nyingine zinakuja.

Mwezi wa Juni wenzangu wa chama walikuja. Walivua viatu, wakasifu, wakala chapati na maharagwe, wakaondoka baada ya muda wa saa tatu. Hakuna aliyesogeza kochi wala aliyeuliza bei. Muda wa saa tatu, msomaji, ndio nilionunulia zulia lile.

Mwezi wa Julai, siku ya Jumatatu usiku, simu ya mume wangu ililia. Alikuwa ndugu yangu. Hakunipigia mimi kwa sababu tangu Ijumaa nilikuwa sipokei. Nilimsikia mume wangu akisema, “Shemeji, mbona karo ililipwa mwezi wa Mei?” Kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Chuo kilikuwa kimekataa kumpa kadi ya mtihani kwa sababu ya deni la Sh9,000. Mtihani wa kwanza ulikuwa umefanywa asubuhi hiyo.

Mume wangu alikata simu, akaja akaketi kwenye zulia, si kwenye kochi. Hakupaza sauti. Alisema tu, “Ungeniambia siku ile fundi wa kwanza alipoondoka, tungetafuta. Elfu tisa tungezipata. Asubuhi ya leo hatuwezi kuipata tena.”

Tulikopa kutoka kwa chama na kulipa kwa riba. Ndugu yangu alifanya mtihani huo Novemba, akiwa nyuma ya wenzake. Njia ya mwongo ni fupi, lakini aliyeitembea si mimi. Nililotaka kulificha chini ya kochi lilimlipisha mtu ambaye hakuwahi hata kuliona zulia lenyewe.

LA PILI TULILINUNUA TUKIWA WAWILI

Mwaka wa 2021 tulihama. Zulia lililobandikwa kwa gundi halihamiki kwa heshima. Lilichanika, sponji ikabaki sakafuni, na mwenye nyumba akakata sehemu ya amana yetu ili sakafu ikwanguliwe. Kwa hivyo kama unaishi katika nyumba ya kukodisha, jiulize mara mbili kabla ya kuruhusu gundi. Utepe unaonata pande zote mbili, ukibandikwa kwenye kingo tu, huwatosha wengi. Bora zaidi ni zulia lisilojaza chumba, lililoshonwa ukingo, ambalo unaweza kulibeba hadi juu ya paa ukalipiga fimbo na kulianika. Katika mitaa yetu ambayo maji huja kwa mgao, zulia la ukuta hadi ukuta ni kazi ngumu kulisafisha, na vumbi linalojificha ndani yake linaweza kumsumbua mwenye pumu.

Tulipotaka la pili, tuliondoa makochi kwanza. Baba watoto alilala sakafuni na utepe, mtoto mkubwa akashika ncha ya pili, mdogo akaandika. Tuliandika kila kitu kwenye daftari: zulia, kushona ukingo, usafiri, hata Sh200 za kijana wa kulipandisha ngazi. Kisha tukakata shauri kwamba ikizidi Sh9,000 turudi nyumbani mikono mitupu.

Dukani tuliuliza mabaki, yaani vile vipande vya mwisho wa jora ambavyo muuzaji hawezi kumuuzia mwenye sebule kubwa. Aghalabu huvipunguza bei ili apate nafasi. Tulipata kimoja cha mita 3 kwa 2.5. Mume wangu alikikunja kinyumenyume kutazama mizizi ya nyuzi. Ukikunja zulia na kuona kitambaa cha chini kwa urahisi, nyuzi ni chache nalo litalala upesi. Tuliuliza pia limetengenezwa kwa nini. Yale ya polipropilini ni nafuu na hayanywi maji, kwa hivyo chai ikimwagika hupanguswa kwa urahisi, lakini hulala yakikanyagwa sana na huyeyuka yakiguswa na pasi au kaa la moto. Ya nailoni hurudi yanapokanyagwa, ila bei imepanda kidogo. Ya sufu ni mazuri na ghali. Ukitilia shaka zulia linalouzwa kuwa la sufu, omba uzi mmoja uuchome ukiwa nje ya duka: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuwa jivu, nyuzi za viwandani huyeyuka na kuwa tone gumu.

Na kama nyumba yako iko chini kabisa, jaribu unyevu kwanza. Bandika karatasi ya nailoni sakafuni, uifunge kingo zote kwa utepe, uiache kutwa kucha. Ukikuta matone chini yake, usitandike zulia la kujaza chumba, litaoza na kunuka. Siku hizi wengi hununua mkeka wa mbao, ile plastiki yenye sura ya mbao, na kwa hakika husafishika upesi. Lakini nao hukatwa kutoka kwenye jora, kwa hivyo ushauri wa kupima ni ule ule. Bei zangu za mwaka wa 2017 usizibebe sokoni leo, zimepanda. Bebea ile orodha.

Lile la pili lilitugharimu Sh8,700. Halifiki ukutani upande wowote, na sakafu inaonekana pande zote.

Ndugu yangu sasa ni fundi wa umeme. Mwezi uliopita alikuja kutuwekea taa ya jikoni. Alivua viatu mlangoni, akaviweka vizuri kando ya bati, akaketi sakafuni na watoto. Akapitisha kiganja juu ya nyuzi akasema, “Dada, zulia zuri hili.” Nikamwambia ahsante. Kisha nikamwambia bei yake, bila kuulizwa, na bei ya lile la kwanza pia, shilingi kwa shilingi, mbele ya mume wangu. Aliniangalia kidogo, akacheka, akasema, “Mwaka wote huo nilidhani nyumbani mna njaa.”

Basi, mpenzi msomaji, kabla hujaenda dukani, piga magoti upime. Ukimaliza kupima, mwonyeshe karatasi yako yule mnayekula sahani moja. Na hesabu ikikataa, mwambie siku hiyo hiyo.